Sketi ya Ngozi ya Mama Safari

Siku ya kwanza kazini nilipewa brashi mpya ya rangi, nikauliza ukuta wenyewe uko wapi. Bwana Mhifadhi akacheka. Mhifadhi ndiye mkuu wa vitu vya kale, na huyu alitoka Songea.

"Bwana Tluway, hiyo ni ya kufutia vumbi. Humu maji ni sumu."

Chumba chetu cha kumbukumbu kilikuwa hapa hapa Babati mjini. Mlikuwa na mawe ya kusagia, vibuyu vya maziwa, mikuki ya Wabarbaig. Kila kitu kilisajiliwa, yaani kilipewa namba ndogo ya wino mahali pasipoonekana. Shule niliishia darasa la nne, lakini namba nazijua. Kabla ya kazi hiyo nililima vitunguu Nakwa. Vitunguu tuviache, vilinitesa.

Basi, katika kukusanya vitu tukafika Sigino kwa Mama Safari, mjane mmoja mkali. Akatutolea sketi ya ngozi ya bibi yake, iliyoshonwa zamani, wasichana walipofungiwa ndani kufundwa. Shanga nyekundu, nyeupe, bluu, mstari kwa mstari, na chini njuga ndogo za chuma. Mimi Mmbulu wa kuzaliwa nilikuwa nazisikia tu habari zake. Chai aliyonipa ikanipolea mkononi.

Wajukuu walishampata mnunuzi wa Arusha, wale wanaokata mavazi ya zamani wakawauzie watalii shanga. Mama Safari hakutaka ikatwe. Lakini kwetu nako alikuwa na sharti.

"Kila mwaka tukishavuna, nije niivae."

"Mama yangu, kitu kikishasajiliwa hakivaliwi," Mhifadhi akasema. "Jasho linakula ngozi."

"Na ngozi isiyovaliwa inakufa. Basi nisajili na mimi, nikae nayo humo kabatini!"

Tulirudi mikono mitupu. Tulipofika mjini Mhifadhi akasema, "Kesho mwambie nimekubali. Ile tukiikosa, hatutaona nyingine."

Mama Safari akatukabidhi sketi, mavuno yakaisha. Wanawake wakaja chumbani kwetu kutoka Maisaka, kutoka sokoni, hata Wachaga wa madukani. Mama Safari akaivaa, akawa anagusa mstari mmoja mmoja na kutaja jina. Kumbe kila mstari ulishonwa na mwali mmoja, wale waliofundwa pamoja na bibi yake, wote wamekwishakufa. Halafu akatembea, njuga zikalia, na mimi mwili ukanisisimka. Miaka yote ile nilikuwa nafuta vumbi vitu vilivyonyamaza.

Ghafla akatoka mlangoni.

"Mkuu, anaondoka nayo!" nikasema.

"Mwache," Mhifadhi akasema, lakini naye akatoka kumfuata.

Mama Safari akateremka mpaka ziwani, sisi nyuma yake kama msafara wa harusi. Viboko wakainua vichwa majini. Akasimama pale kitambo, akageuka, akarudi nasi mpaka chumbani. Akajifungua sketi mwenyewe, akamwekea Mhifadhi mikononi.

"Imeota jua. Sasa ikalale."

Nimestaafu, magoti yamechoka, lakini mavuno yakiisha bado naenda. Vijana mnaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani mle. Njooni siku hiyo, maneno yangu hayatoshi. Mama Safari tulishamzika. Binti yake ndiye anayeivaa, na majina anayataja yote bila kuruka. La mama yake analitaja mwisho, mkono ukiwa pale chini ya mistari yote, kwenye ngozi tupu.