Ugo wa Bibi Kambini

Nilikuwa nimetoka kazini, nimevua viatu, miguu yangu iko kwenye beseni la maji ya chumvi, binti yangu alipoingia jikoni na kadibodi yake. Alikuwa amebandika juu yake visanduku vya karatasi: katikati uwanja mtupu, upande mmoja kanisa, upande wa pili nyumba ya gavana, na barabara zikitoka kwenye pembe za uwanja, zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Ilikuwa kazi ya shule. Hapa kwetu Black Rock, mtaa wa mji wa Buffalo, Amerika, yeye huongea Kiingereza, mimi humjibu kwa Kiswahili, na tumeshazoea hivyo. Akanieleza kwamba Wahispania walipoziteka nchi za Amerika hawakuacha watu wajenge ovyo. Mfalme wao aliagiza uwanja upimwe kwanza, kisha kanisa, kisha viwanja vya watu kwa kamba. Hata upana wa barabara aliuagiza yeye: penye baridi ziwe pana, penye joto ziwe nyembamba. Wenyeji nao walitolewa kwenye makao yao yaliyotawanyika, wakapangwa humo.

"Na mfalme mwenyewe alikuwa akiishi huko?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. Alikuwa ng'ambo ya bahari, hakufika hata siku moja.

Kisha akataka kujua mji niliokulia mimi ulikuwaje. Nikamwambia ulikuwa hivyo hivyo. Alicheka, akadhani namtania, akarudi chumbani na gundi yake. Mimi nikabaki na miguu majini. Wewe uliyekulia kambi ya wakimbizi utanielewa, huhitaji maelezo mengi.

Tulipoteremshwa kwenye malori kule Kigoma, nyumba zilikuwa bado hazipo, lakini barabara zilikuwepo. Pori lilikuwa limekatwa mistari mirefu myekundu, ukisimama mwanzo huoni mwisho. Wanaume wenye kamba walipita wakipigilia vigingi, na kila familia ikaonyeshwa kipande chake kati ya vigingi. Katikati ya kambi waliacha uwanja mkubwa wa kugawia chakula. Mama yangu aliona afadhali; alikuwa amechoka kutembea, angelala popote. Bibi yangu, mama yake mama, alizunguka vigingi vyetu kama mtu anayekagua mbuzi mgonjwa.

"Wametupanga kama sabuni dukani," alisema.

Kwetu Burundi kila familia inakaa mlimani kwake, nyumba imezungushiwa ugo, na maisha yenyewe yako ndani ya ugo. Humo ndimo unamopokea wageni, unaanika maharage, unagombana na mumeo bila mpita njia kujua. Kwa Bibi, kuishi mlango ukitazama barabara ilikuwa sawa na kuvaa nguo mbele ya watu. Kwa siku za mwanzo alikula akiwa ameupa mgongo mlango.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na ukanda mpana usiojengwa, uliotenga mstari wetu na mstari wa nyuma. Bibi aliutazama ukanda ule kwa muda, halafu akaanza. Kila tulipokwenda kutafuta kuni alirudi na mzigo wa nyasi na matete. Alisuka jioni, polepole, huku akinung'unika nyimbo za kanisani, na ugo ukasogea hadi ukafika ukuta wa nyuma wa jirani yetu wa mstari wa pili. Huyo tulimwita Mama Pacha, kwa sababu alikuwa na watoto mapacha wachanga. Yeye naye, badala ya kulalamika, alitoboa mlango wa nyuma akaingia kwenye uwanja wa ndani ya ugo na kiti chake.

Sijui nikwambieje juu ya uwanja ule. Ulikuwa mdogo, vumbi tupu, lakini ukishaingia ulisahau kwamba uko kambini. Asubuhi ulisikia kinu: mahindi ya njano ya mgao yakitwangwa, Bibi na Mama Pacha wakipokezana mchi. Tulichambua mboga za lengalenga, tulipika maharage kwenye chungu kilichopasuka mdomo, na siku ya dagaa harufu iliwaleta hata watu wasioalikwa. Mapacha walijifunza kutambaa pale. Mwalimu wetu, ambaye darasani alikuwa na watoto hadi madirishani, alikuja jioni kutusomesha sisi tuliokuwa tunabaki nyuma, malipo yake bakuli la uji.

Kiongozi wa mtaa alikuja mapema tu. Alikuwa Mrundi kama sisi, mtu mpole, shati lake limefungwa hadi kifungo cha juu.

"Bibi, hii nafasi si ya mtu," alisema. "Imeachwa kwa ajili ya moto. Nyumba zikiwaka huku, usiruke kwenda kule."

"Moto gani, baba? Moto wangu uko mafigani."

"Mimi nimetumwa tu, mama yangu."

"Basi waambie waliokutuma waje wakae hapa, wanywe uji, waone kama pana ubaya."

Hakuna aliyekuja. Alikunywa uji yeye, akashukuru, akaondoka. Alirudi mara nyingine, akanywa tena. Wakati huo majirani walikuwa wameshaona. Mmoja akasuka wake, na mwingine, na mwingine, mpaka ukanda wote wa nyuma ukawa nyua zilizoshikana, nyasi kavu zimegusana na nyasi kavu.

Moto ulianza mchana wa kiangazi, upande wa mbali wa mstari wetu. Upepo ulikuwa mkali. Mtu alikuwa anapika, cheche ikaruka, basi. Sisi tulianza kwa kusikia sauti, kama mafuta yanayomwagiwa maji, kisha watu wakipiga kelele. Moto haukuhangaika na nyumba kwanza. Ulishika nyua, ukakimbia juu yake, ukirukia paa la nyasi huku na paa la nyasi kule.

Mama Pacha alikuwa amekwenda kuchukua mgao. Mapacha walikuwa wamelala ndani.

Mama yangu aliingia kwa mlango wa nyuma, ule uliotobolewa. Nilimwona akiinama, moshi ukamfunika, nikapiga ukelele nisioujua kama ni wangu. Akatoka na mtoto huku na mtoto huku, kilemba chake kinafuka. Nilikuwa nikivuta dumu la maji lililonishinda uzito, namwagia miguu yangu mwenyewe. Na Bibi, wakati watu wote wanakimbilia barabarani, alikuwa ameshika ugo wake kwa mikono. Aliung'oa upande ambao ulikuwa haujashika, akautupa nje kipande kwa kipande, na vipande vya mwisho alivishika vikiwa vimeanza kuwaka. Wanaume wakamwona, wakaja kung'oa nao. Moto ulipofika pale ulikuta udongo mtupu. Ukaishia hapo, lakini nyumba ya Mama Pacha ilikuwa imeshaanguka, na nyingine nyingi nyuma yake.

Mama Pacha alirudi na unga kichwani. Aliutua. Akawachukua watoto wake, akawapapasa mikono na miguu, mmoja mmoja. Halafu akamtazama Bibi.

"Ni ugo wako," alisema.

Bibi akatazama viganja vyake vilivyoungua. Kiongozi wa mtaa alikuwa amesimama karibu; alikuwa na haki ya kusema, lakini akaanza kuzima makaa kwa mguu.

Nyua zote ziliondolewa. Mama Pacha alipewa kipande kingine, upande wa mbali wa kambi. Viganja vya Bibi vilipona vibaya, vidole vikakunjamana, hakuweza kusuka tena. Alikuwa akikaa mbele ya nyumba, anatazama barabara, kile kitu alichokuwa hataki. Wiki kwa wiki alinituma kwa Mama Pacha na kikapu cha lengalenga. Kikapu kilirudi kitupu, kimeoshwa, bila salamu.

Miaka ikapita hivyo. Wakati kambi inakaribia kufungwa, sisi tulipata nafasi ya kuja Amerika. Bibi alikataa.

"Huko mnakokwenda, nyumba zina nyua?" alimuuliza Mama.

Mama alisema hajui. Bibi akapanda basi la kurudi Burundi na mama yangu mdogo. Kumbe mlimani kwake walikuwa wanakaa watu wengine, na watoto wao wamezaliwa pale. Serikali ikampa nyumba kwenye kijiji kipya cha waliorudi, nyumba za bati zimepangwa mstari. Nilizungumza naye kwa simu mara moja tukiwa tumeshafika Buffalo. Sauti ilikatika-katika. Nilisikia vizuri sentensi moja tu: "Mjukuu wangu, wamenipanga tena." Alifariki huko huko. Siku tuliyopata habari nilikwenda kazini kama kawaida, nikafunga maboksi mpaka zamu ikaisha, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Kambi ilibomolewa. Wanaopita barabara ile wanasema ni pori.

Kiangazi kilichopita kulikuwa na arusi mjini Columbus, kijana wa kambini anaoa. Ukumbini, kati ya vigelegele na watoto wanaoteleza sakafuni, nikamwona Mama Pacha. Amenenepa, amezeeka, anafanya kazi ya kutunza wazee. Mapacha wake ni wanaume wenye ndevu. Tulikaa meza moja, sahani za wali mbele yetu, na kwa muda tukaongea habari za magoti na baridi. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Bibi yako aliniunguzia nyumba. Nilimchukia. Zile mboga nilikuwa nazila nikilia."

"Najua, mama."

"Hujui. Sasa hivi nakaa ghorofani, jirani wa mlango wa pili simjui hata jina. Nikitoka kazini nikajitupa kitandani, unajua nawaza wapi? Si kwetu Burundi. Nawaza pale ndani ya ugo, tunatwanga." Akasukuma sahani. "Hakuna mahali pengine nilipokaa na watu namna ile."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilidhani tuna muda."

Muziki ukaongezwa, watu wakasimama kucheza. Tulibaki tumekaa, wanawake wawili waliochoka, tukijaribu kukumbuka mlango wa nyuma ulikuwa upande gani wa mafiga. Yeye alisema kushoto, mimi kulia. Pale mezani hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Asubuhi nikashika barabara kurudi Buffalo, maana Jumatatu nilikuwa na zamu.