Waya Niliouchomoa

Kwenye gari za samaki, taa ya oili ni muongo. Hivyo ndivyo tulivyoamini mafundi wote wa Nchelenge, huku Zambia, na mimi nilikuwa wa kwanza kulisema kwa sauti kubwa. Vile vibasi vyetu injini iko chini ya kiti cha dereva. Nyuma samaki wamelazwa ndani ya barafu na chumvi, maji yanapita sakafuni mpaka kwenye injini, yanaozesha sensa ya presha ya oili. Sensa ikioza inawasha taa nyekundu bure, dereva anaingiwa na hofu. Dawa yetu ilikuwa ya dakika moja: unainua kiti, unachomoa waya wa sensa, taa inazimika, mutu anakwenda zake akishukuru.

Njia ya haki naijua. Unafungua sensa yenyewe, mahali pake unafunga geji, unawasha injini na kusoma presha ya kweli. Geji ninayo, nilivuka nayo kutoka Kongo ndani ya mfuko wa nguo. Lakini kuifunga kunataka injini ipoe kwanza, na samaki hawangoji mutu.

Asubuhi ile aliyekuja ni yaya, dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenivusha ziwa, na kwenye kambi ya wakimbizi ya Kenani tulilala hema moja. Kibasi chake alikipata kwa miaka ya kuuza vitenge na samaki wakavu, na ndicho kilicholisha watoto wake wanne tangu bwana yake abaki ng'ambo. Hakuwa na kingine. Alikuwa ametoka kununua samaki Kabuta, anawapeleka Mansa.

"Mudogo yangu, hii taa inanitisha," aliniambia. "Nikisimama, inawaka. Nikikanyaga mafuta, inazimika."

Sasa sikieni upumbavu wangu. Taa inayowaka injini ikiwa ya moto na inazunguka polepole, hiyo inasema habari ya presha, si ya kutu. Mwanafunzi wa wiki moja angejua. Mimi nilimcheka. "Yaya, ni samaki zako hizo. Sensa imeoza." Nilivuta kijiti cha kupimia oili, nikakipangusa na kitambaa, oili ilikuwa ya kutosha. Kwenye kitambaa palikuwa na vitu vidogo vinang'aa. Magamba ya samaki, nikajisemea. Mji huu magamba unayakuta kwenye mkate, kwenye Biblia, kwenye nywele za bibi arusi. Nikachomoa waya. Taa ikazimika.

"Enda," nikamwambia. "Iko bien, iko muzuri."

Saa nne hivi, jua limekwisha kukausha kila kitu, nilikamata kile kitambaa nipanguse mikono. Gamba likikauka linajikunja na kudondoka. Hivi havikudondoka. Nilivisugua kwa kidole, vikakwaruza kama mchanga, na rangi yake ilikuwa ya shaba. Hiyo ilikuwa beringi inasagika. Injini ya yaya ilikuwa inajila yenyewe, na mimi nilikuwa nimeifunga mdomo.

Nilipiga simu, haikupita. Nikapiga tena, wapi. Nikaazima pikipiki ya jirani, nikatia geji mfukoni, sijui ya nini, nikaondoka. Njia nzima nilikuwa naomba, mimi ambaye kanisani nasinzia. Kila kibasi cheupe kilichotokea mbele nilidhani ni yeye anarudi.

Nilimkuta kabla ya kufika Kazembe. Gari imesimama kando ya barabara, yaya amekaa kwenye nyasi upande wa kivuli, viatu amevua. Niliinua kiti, nikajaribu kuzungusha injini kwa spana. Haikusogea hata kidogo. Ilikuwa inanuka kuungua, na geji yangu haikuwa na kazi tena.

"Ilianza kugonga kule nyuma, mbali," yaya alisema polepole, bila hasira. "Ko, ko, ko. Niliogopa. Nikaangalia taa, haiwaki. Nikasema, kama ni injini, taa ingewaka, sababu mudogo yangu ameitengeneza. Nikaendelea."

Ningeweza kunyamaza. Hakujua kitu, angeilaumu ile gari maisha yake yote, na mimi angeendelea kuniwekea sahani yangu ya bukari, ugali wa kwetu, kila Jumapili.

"Yaya, sikuitengeneza," nikasema. "Nilichomoa waya. Isingewaka hata injini ikifa."

Nilingoja anitukane, nilitaka kabisa anitukane. Huyu aliniogesha nikiwa mutoto, alikuwa na haki ya kunipiga kofi pale pale barabarani. Aliinuka tu, akavaa viatu, akafungua mlango wa nyuma. Maji ya barafu yalimwagika kwenye lami.

"Kuya tushushe samaki," alisema. "Jua inakuwa kali."

Tukashusha, tukapanga kwenye majani, auze kwa wapita njia wale atakaoweza. Alisimama mama mmoja na kikapu chake, akachagua wawili, akaniangalia mimi niliyelowa jasho na maji ya samaki, akamuuliza yaya huyu ni nani.

"Ni fundi," yaya akajibu.