Gonga Mara Tatu Kabla ya Kufunga

Baba yangu alistaafu na ujuzi wa kutengeneza meli, akaja kuishi nao Ziwa, kijiji cha karibu na Eldoret, mahali ambapo maji yenye kina kuliko yote ni ya josho la ng'ombe. Alikuwa amefanya kazi Mombasa miaka mingi kwenye gudi, pale meli hutolewa majini zikarekebishwa, akichomelea vyuma. Mama alitumaini kwamba sasa atalima mahindi kama waume wa wenzake. Alilima, kwa shingo upande, lakini kila alichojenga kilikuwa meli.

Mlango wa ghala letu la mahindi aliuunda kwa chuma, na kizingiti chake kilifika magotini ili mawimbi yasiingie. Mama alimuuliza mawimbi hayo yatapitia barabara gani. Mchungaji alipokuja kubariki mavuno alijikwaa hapo akaingia ghalani kwa kichwa, na sala ya siku hiyo ikawa fupi. Tangi la maji nalo baba alilipaka chokaa nje na mafuta ya taa ndani, kisha akaketi mbele yake kutwa nzima akingoja kuona kama mafuta yatatia doa kwenye chokaa, maana hivyo ndivyo mafundi wa meli hutafuta ufa. Halikuvuja hata tone. Chai yetu ilinuka mafuta ya taa kwa majuma kadhaa, na wageni wakaanza kusema wameshiba kabla hawajaketi.

Hayo yote niliyavumilia. Kilichonishinda ni kugonga. Huko gudini, fundi hafungi mfuniko wa tangi la meli kabla hajagonga chuma mara tatu na kusubiri. Aliye ndani hujibu mara tatu. Baba aliwahi kuona mwenzake akitolewa tangini amezimia kwa sababu aliyefunga alikuwa na haraka ya chakula cha mchana, na hakulisahau jambo hilo. Kwa hiyo sisi tuligonga kila kitu: ghala, banda la kuku, hata choo ambacho umetoka wewe mwenyewe sasa hivi. Siku moja wasichana wa darasa letu walinikuta nikiwagongea kuku na kuwasubiri wajibu. Tangu hapo nilisalimiwa shuleni kwa kugongewa dawati mara tatu, mpaka nikamaliza darasa la nane.

Kidato cha pili niliasi. Siku moja ya soko nilifunga ghala bila kugonga, nikatia kufuli, nikafuatana na mama sokoni. Tuliporudi alasiri, mama alifungua ghala achukue mahindi, akamkuta baba amekaa juu ya gunia, mikono ameikunja.

"Si ungepiga nduru tu," mama alimwambia. "Jirani wako hapo tu."

"Kugonga ni kazi ya mwenye kufunga," baba alisema. "Nilikuwa nangoja anigongee."

Hakunichapa. Alinitazama tu, akaenda kunywa maji, nami nikatamani angenichapa yakaisha. Sikufunga mlango tena bila kugonga, ila nilijifunza kugonga polepole, watu wasisikie.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, nami, binti yake, nikawa fundi wa kuchomelea. Nilipanga chumba West Indies, mtaa wa Eldoret, na nikafanya kazi katika karakana moja mjini, nikiunda malango ya wakimbiaji wa mbio ndefu waliotajirika. Kila mmoja alitaka vichwa vya simba. Nilichomelea simba wengi hadi nikaanza kuwachukia walio hai. Ndipo ikaja habari kwamba kampuni moja ya ng'ambo, inayosimamisha mitambo ya umeme wa upepo katikati ya bahari, inatafuta mafundi, na itawafanyia majaribio hapa Eldoret. Niliitaka kazi hiyo mno. Umri wangu ulikuwa unakwenda, na sikuona nafasi nyingine ikija kunitafuta kati ya simba wale.

Baba alinipigia simu asubuhi ya jaribio.

"Utagonga?"

"Baba, hii ni mambo ya upepo. Si meli."

"Hiyo kitu iko ndani ya bahari ama haiko?"

"Iko."

"Basi ni meli imesimama," alisema, akakata simu.

Uwanjani walikuwa wamelaza silinda kubwa ya chuma, kama kipande cha nguzo ya ule mtambo, yenye mlango mbele na mwingine nyuma. Kijana mwenye saa alitueleza kazi: unaingia kwa mbele, unachomelea kiraka, unatoka, unafunga mfuniko. Mwenye haraka na afanye haraka. Mlango wa nyuma hatukuutilia maanani. Jamaa mmoja aliyetoka kufunga mfuniko wake kwa kishindo alinipitia akijipangusa jasho.

"Siz, hapa ni speed tu," alinishauri. "Hiyo kazi ya urembo wachia salon."

Nilichomelea kiraka changu, nikatoka, nikainua mfuniko. Mkono ukagonga mara tatu kabla sijauzuia. Nyuma yangu foleni nzima ikaangua kicheko.

"Unapiga hodi kwa nani?" mmoja aliuliza.

Saa ilikuwa inakwenda. Niliona aibu ya dawati ikinirudia, nikamlaani baba kimoyomoyo, lakini sikufunga. Nilisubiri. Kisha ndani ya chuma kukagongwa mara tatu.

Kicheko kilikatika. Mkaguzi, mama wa makamo aliyetoka ng'ambo, akatambaa nje, magoti meusi kwa vumbi. Alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma kukagua kiraka kila fundi alipotoka.

"Tangu asubuhi nimefungiwa humu mara kumi na moja," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu, kisha akaniuliza nimejifunzia wapi.

"Kwa ghala la mahindi," nilimjibu, maana ndio ukweli.

Alinieleza kwamba kwao pia watu walikuwa wa kuunda meli, baba yake mmoja wao. Kazi ya meli ilipokauka, mafundi walihamia kusimamisha mitambo baharini na mazoea yao yote, hata huko kugonga. Nilipompigia baba simu kumwambia nimeipata kazi, hakusema hongera. Aliuliza aliyekuwa ndani alijibu mara ngapi.

Siku ya kuondoka, teksi ilikuja kunichukua Ziwa. Mama alinifungia mahindi ya kuchoma niwapelekee watu wa bahari. Nilipokwisha kuketi, baba alishika mlango wa gari lakini hakuufunga. Akagonga bati mara tatu.

"Hata gari," mama alisema.

Dereva aliuliza kama kuna shida. Machozi yalikuwa yananitiririka. Niligonga kutoka ndani mara tatu, na baba akafunga.