Mapovu Niliyoyaona Nikanyamaza

Kaka yangu aliponinyooshea ufunguo wa pikapu yake, nilitakiwa kukataa. Sababu nilikuwa nazo: mgongo ulikuwa unanisumbua, gereji yangu ya Morogoro mjini nilikuwa naifungua siku tatu tu kwa wiki, na mafundi wengine walikuwa hapo hapo jirani. Angeelewa na kwenda kwao. Lakini niliupokea ule ufunguo, nikautia mfukoni mwa ovaroli, nikamwambia, "Niachie, kaka. Hii nitaishughulikia mwenyewe." Sikusema kwa wema. Nilikuwa nimemsubiri miaka mitatu.

Tumezaliwa tumbo moja, yeye kanitangulia kwa miaka sita. Alibaki kwetu milimani, upande wa Kinole, akalima ndizi, mananasi na pilipili manga, na pikapu ile kuukuu ndiyo iliyoshusha mazao yake mpaka gulio la Mkuyuni. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, nikashuka mjini kushika spana. Utotoni hatukuwahi kugombana. Kilichotugombanisha ni mazishi ya mama, na hata hapo niligombana peke yangu, yeye hana habari.

Siku mama alipofariki nilikuwa Turiani, natengeneza trekta la mkulima wa miwa. Simu ya kaka iliingia asubuhi. Vipande vya injini vilikuwa vimetapakaa juu ya turubai. Nikamwambia kaka nakuja, lakini moyoni nikajiambia, nifunge kwanza, nisiache kazi ya watu nusu, mimi ni mwanawe, hawawezi kumzika bila mimi. Hilo ni kosa langu, simsingizii mtu. Sisi ni Waislamu, kwetu maiti hailazwi bila sababu, na hilo nililijua tangu sijaota ndevu. Nilifunga trekta, nikapanda gari hili na lile, nikafika nyumbani jua likizama. Nikakuta udongo umeshamwagiwa maji juu ya kaburi.

Wafiwa walikuwa uani, na watani nao. Asiyefahamu mambo yetu nimwambie: ukoo wetu una ukoo mwingine wa kutaniana nao, na msibani kazi yao ni kuwachekesha wafiwa kwa kuwaigiza, kuwatukana na kuwanyang'anya vitu. Wakufanyie watakalo, huruhusiwi kukasirika. Ukinuna tu, mwenye kosa ni wewe.

Mtani mmoja, mzee wa rika langu mwenye sauti kama ya kengele, aliponiona getini alivua koti, akalala chali chini ya benchi, akashika kijiti kama spana.

"Nakuja!" akapiga kelele. "Mwambieni mama asiondoke! Nakaza nati moja tu! Mama, usife kwanza, bado nati moja!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Nilimtazama kaka. Alikuwa amekaa mkekani, na yeye akicheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ukosi wa kanzu.

Mtani sikuweza kumchukia, mila hainiruhusu. Hasira yote niliyotakiwa kuimeza pale niliihamishia kwa kaka. Yeye ndiye aliyezika bila mimi, halafu akanicheka. Miaka mitatu nilikuwa namwamkia kwenye simu, "Shikamoo kaka," naye anaitikia, "Marahaba, mdogo wangu, hujambo?" na mimi moyoni namwombea siku moja achekwe hadharani kama nilivyochekwa.

Basi akaja na ufunguo.

"Inachemsha," alisema. "Nimechoka nayo. Bondeni inakwenda vizuri tu. Nikianza kupanda mlima, mshale wa joto huo unapanda, mvuke huo."

"Unafanyaje?"

"Nasimama, nasubiri ipoe, naongeza maji ya mtoni."

"Kila safari?"

"Kila safari."

"Na unapoegesha nyumbani, chini panaloa?"

"Pakavu. Ndiyo nashangaa, maji yanakwenda wapi? Labda inakunywa."

Aliangua kicheko chake. Mimi sikucheka. Maji yanayopungua bila kuvuja chini, mara nyingi yanaingia ndani ya injini, na njia yao ni gasketi ya silinda hedi, ile pedi nyembamba inayoziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake. Nilianza kuishuku gasketi hata kabla sijafungua boneti.

Nilianza na yale ya nje, kama inavyotakiwa. Mkanda wa feni ulikuwa umelegea, ukiubonyeza unazama kama kamba ya kuanikia nguo. Nikawasha injini, nikaiacha ipate moto, nikaizima, kisha nikapitisha kiganja polepole juu ya uso wa redieta. Juu moto, katikati moto, upande wote wa kushoto baridi. Maana yake maji hayapiti huko, mirija imeziba. Nikafungua nyumba ya thamostati, kidude kinachoongoza maji kulingana na joto, nikakuta tupu. Fundi wa huko juu alikwisha kuing'oa, akamwambia kaka kuwa kidude hicho ni cha nchi za baridi. Mafundi wengi wa kwetu hufanya hivyo, na mimi ujanani nilizing'oa nyingi. Lakini kwenye injini ya aina ile, ukiitoa, sehemu kubwa ya maji hupita njia ya mkato na kurudi kwenye injini yakiwa bado moto, bila kupita kwenye redieta kupoa.

Nikaishusha redieta, nikaifungua tangi la juu, nikachokonoa mirija kwa waya. Kilichotoka ni tope jekundu la mito yote ya kutoka Mkuyuni kwenda juu, miaka na miaka ya ndoo za maji ya mtoni. Kaka alikuwa amekaa kwenye tairi bovu, anakula chapati, anaangalia.

"Kumbe nilikuwa nabeba shamba humo," alisema.

Nikafunga kila kitu, mkanda mpya, thamostati mpya, maji safi yenye dawa ya redieta. Kisha nikafanya jambo la mwisho ambalo fundi haliachi. Nikawasha injini ikiwa baridi, mfuniko wa redieta ukiwa wazi, nikachungulia. Povu moja likapanda. Likafuata jingine. Nikavuta akseleta kwa mkono, mapovu yakaja mfululizo kama sufuria inayoanza kuchemka, na maji yenyewe hata uvuguvugu hayana. Huo ni moshi wa injini unaopenya kwenye njia ya maji. Gasketi ilikuwa imeungua. Haikuungua yote, bondeni ingevumilia, lakini mlimani na mzigo isingefika.

Gasketi ya injini ile ilikuwa inaning'inia kwenye msumari ukutani kwangu, mpya, kwenye nailoni yake. Kazi ya siku mbili.

"Vipi?" kaka akauliza.

Nikaubana mfuniko. "Shwari," nikamjibu.

Sitaki msomaji adhani niliteleza. Nilijua nilichokuwa nafanya, na nilifurahi. Nilikuwa naiona picha nzima: siku ya gulio, pikapu imejaa watu na mizigo, mvuke unafuka katikati ya mlima, watani wapo, na kaka yangu amesimama kando ya barabara akiwa kichekesho. Vifo na majeraha havikuwemo kwenye picha yangu. Kilikuwemo kicheko tu. Niliona ni haki yangu.

Majaribio ya gari linalochemsha hufanyika mlimani. Ningelipeleka njia ya Bigwa na kuanza kupanda, lingeumbuka mapema. Mimi nilishika barabara kuu, nikaenda Mikese, tambarare, kaka kakaa pembeni yangu. Mshale ulitulia katikati, hautikisiki. Alikuwa anautazama kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Mikese tukasimama, akanunua machungwa, akanimenyea moja, jambo ambalo hakuwahi kuacha kulifanya tangu nikiwa na miaka mitano.

Wakati wa kurudi akasema, "Mdogo wangu, siku ile ya mama..."

"Tuache hayo, kaka," nikamkata. "Nataka kusikiliza injini."

Akageukia machungwa yake. Injini haikuwa na lolote la kusikilizwa. Nilihofu tu asije akasema neno litakalonipoza, nami nilikuwa nimekwisha kumpangia siku yake.

Gereji nilipomkabidhi ufunguo nikaongeza uongo mmoja, na huu ndio unaoniuma kuliko kunyamaza. Nilimwambia, "Ukiona mshale umepanda kidogo mlimani, usihofu. Geji yenyewe ya zamani, inadanganya. Wewe kanyaga mafuta."

"Mungu akubariki," alisema.

Siku ya gulio nilikaa gerejini na simu mapajani. Nilikuwa natabasamu peke yangu. Mchana ulipita, alasiri ikapita, hakuna simu. Nikaanza kukasirika, nikidhani gari limefika salama.

Kesho yake asubuhi alikuja yule mtani. Nikajiandaa kwa matusi, maana hajawahi kunisalimia bila kunitukana. Akaingia, akavua kofia, akasema, "Habari za asubuhi."

Nikajua kuna jambo.

"Kaa," nikamwambia.

"Sikai. Kaka yako yuko hospitali ya mkoa, kaungua uso. Macho."

Akanieleza, amesimama vile vile. Gulioni kaka alishinda akimsifu mdogo wake kwa kila mtu: pikapu haitachemsha tena, kafungua mpaka thamostati, fundi wa kweli huyo. Jioni walipopanda, yeye mtani akiwa nyuma juu ya magunia pamoja na wengine, mshale ulianza kupanda. Kaka akaendelea kukanyaga mafuta. Wakamwambia simama, akasema geji inadanganya, mdogo wangu kanieleza. Mpaka mvuke ulipoziba kioo.

"Tukashuka," mtani alisema. "Mimi nikaanza kazi yangu. Nikamwambia, fundi gani huyo, kakuundia birika la chai? Leteni vikombe! Watu wakacheka sana. Kaka yako akakasirika. Unasikia? Alinikasirikia mimi mtani wake, mbele za watu. Akasema, mdogo wangu hakosei, ni maji tu yamepungua, ngojeni niwaonyeshe. Akachukua kitambaa, akazungusha mfuniko. Nilimwambia angoje. Hakungoja."

Nilikaa kwenye tairi. Kicheko nilichokitaka kilikuwa kimepatikana, mahali pale pale nilipokipanga, na kaka yangu alikuwa ameungua akinitetea.

"Mkaidi huyu kaka yako," mtani akaendelea. "Na ile siku ya mama yenu pia alikaidi. Maiti ilikuwa tayari tangu adhuhuri. Akatuzuia mpaka alasiri, akisema mdogo wangu yuko njiani. Shehe mwenyewe alimgombeza. Sisi tulimpigia kelele."

"Hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Na alipotaka kuniambia mwenyewe, nilimkata.

Hospitali walijitahidi. Jicho la kulia lilikufa kabisa, la kushoto likabaki linatofautisha mwanga na giza, basi. Miezi miwili nilimwangalia akiongozwa kwenda msalani, na kila mtu akanishukuru kwa jinsi ninavyomhudumia. Shemeji, majirani, hata wauguzi. Shukrani zile zilinishinda. Nikapanda mpaka kwake Kinole, nikamkuta barazani, mkewe yuko karibu anachambua mchicha.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu. Umekula?"

Nikamwambia yote, kuanzia trekta la Turiani mpaka kicheko cha uani mpaka gasketi iliyoning'inia ukutani. Sikujitetea kwa lolote. Alisikiliza uso ameuelekeza upande mwingine, kama wanavyofanya wasioona wanapotega sikio. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Mapovu uliyaona?"

"Niliyaona."

"Ukafunika."

"Nikafunika."

Shemeji yangu aliacha kuchambua mchicha. Kaka alipapasa fimbo yake, akaishika, lakini hakuinuka.

"Mke wangu," akamwambia mkewe kwa upole, "msindikize fundi. Magari ya kurudi mjini yatamwacha."

Hakuniita mdogo wangu. Tangu siku hiyo hajaniita hivyo, wala kupokea simu yangu, wala kukubali niingie uani kwake. Siku za Idi nimepanda mara mbili, shemeji akanitokea njiani, akanisalimia kwa adabu, akaniambia amelala. Kaka hakumwambia mtu mwingine habari ya mapovu. Ukoo haujui, na mtani bado ananitania kila tukikutana, nami nachekea mdomoni.

Kuchukia kwangu kulikuwa kuzuri mno wakati nakulea, siwezi kudanganya. Kulinipa kazi ya kufanya miaka mitatu. Sasa nina miaka sabini na mbili na hesabu yake ni fupi. Kaka yangu hataona tena shamba lake. Pikapu imeoza chini ya mwembe wa jirani, ndizi zake zinashushwa gulioni na watu wengine. Na mimi, niliyekuwa na ndugu mmoja tu wa tumbo moja aliye hai, ndugu huyo nimempoteza, naye bado anaishi.