Gauni la Kumwendea Mwana

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Bi Sweta, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila swali. Ukipiga simu kuuliza ziara ya mizimu inaanza lini, atakwambia jua likianza kuzama, na uje na sweta. Ukiuliza kama watoto wanaruhusiwa, atakwambia wanaruhusiwa, na wao waje na sweta. Chini ya mji ule wa kale kulikuwa na vyumba na njia za mawe zisizojua jua ni nini. Mtu akiingia na fulana anatoka meno yanagongana, kisha anahadithia watu kwamba kaguswa na mzimu. Mzimu wapi, baridi tu ile.

Kufa kufaana, walisema wahenga, na kampuni iliyomwajiri Bi Sweta ilikuwa imeielewa methali hiyo barabara. Wageni walilipa, wakapitishwa vichochoroni na mahandakini, wakasimuliwa nani alinyongwa wapi na nani alijengewa ukuta akiwa hai. Kwenye chumba cha mwisho mzimu ukawatokea. Mzimu wenyewe alikuwa mdogo wake Bi Sweta, kitindamimba wa mama yao, mwanamume mrefu mwembamba, fundi seremala aliyekosa kazi ya useremala. Alipakwa unga usoni, akatupiwa shuka jeupe, na akapewa masharti: asimame penye mwanga wa taa, na asifungue mdomo hata akitukanwa. Nyumbani walimtania, "Marehemu, njoo ule, chakula kinapoa." Naye anakuja, tena mbio.

Kazi ya Bi Sweta ilikuwa chumba cha mlangoni. Hapo aliwakagua wageni kuanzia miguuni, maana mguu ndio unaomponza mtu kwenye ngazi za mawe. Kiatu kiwe bapa, chenye soli ya kushika. Nguo isiburute. Mkoba ubaki kabatini, mikono iwe mitupu ya kushika kamba ya ukutani. Siku moja alikuja binti amejipara, kisigino kirefu, manukato yamemtangulia mlangoni. Bi Sweta akampandisha na kumshusha kwa macho. "Unakwenda kuwatazama wafu, mwanangu, au unakwenda kuposwa nao?" Kisha akamtolea raba chini ya meza, na soksi safi juu yake.

Nguo za kuazima zilijaa kabati zima, zote kazifua na kuzipiga pasi mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa mfuaji hospitalini, miaka nenda miaka rudi. Alikunja mashuka ya waliopona na ya wasiopona, mpaka woga wa kifo ukamtoka. Alikuwa na ulimi, nani asiyejua, lakini alijiwekea mpaka: yeye ni wa nguo, mambo ya mizimu ni ya wenye mizimu. Mgeni akimnong'oneza, "Hivi kweli wapo?" yeye humjibu, "Umevaa soksi?" Na mpaka huo ulimlinda vizuri kabisa, hadi alipokuja yule mama.

Alikuja mchana, mlango haujafunguliwa rasmi. Akapiga hodi, akakaribishwa, akakaa kwenye ncha ya kiti. Mama mdogo wa umbo, amekauka, mfuko wa plastiki kaukumbatia kifuani.

"Nimeambiwa hapa watu wanawaona waliokufa," alisema. "Nimeshalipia. Sasa nataka kujua nivae nini."

Bi Sweta akaanza wimbo wake: kiatu bapa, nguo isiyoburuta, sweta. Yule mama akamsubiri amalize, kwa adabu.

"Hayo ni ya baridi, mwanangu. Baridi nitaivumilia. Nakuuliza nivae nini ili anitambue."

Mkono wa Bi Sweta ukabaki juu ya rundo la sweta.

Mama akaeleza bila haraka. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume. Akaenda mbali kutafuta maisha, kwenye ujenzi wa bwawa. Ukuta ukamwangukia. Simu ilimfikia mama yake wakati kijana ameshazikwa na wenzake huko huko, joto halikuwaruhusu kungoja. "Majirani walikuja kunipa pole. Niliwafungia mlango. Niliwaambia, maiti sijaiona, kaburi sijaliona, pole ya nini mnanipa? Wakarudi kwao. Na mimi mpaka leo sijalia. Nimekaa hivi hivi, kama mtu anayesubiri basi."

Akafungua mfuko, akatoa gauni la maua ya bluu. Ndilo alilovaa siku alipomsindikiza stendi. "Lakini siku zile nilikuwa na mwili. Sasa nikilivaa naonekana nimeliiba. Nikimtokea hivyo atapita tu, atadhani ni bibi wa watu."

Bi Sweta alichukua pini, akamsimamisha yule mama, akalipunguza gauni ubavuni, huku na huku, akakaza mabega. Alikuwa amepiga magoti mbele yake, kichwa chini, na ukweli ulikuwa kwenye ncha ya ulimi: mama, huyo mzimu ni mdogo wangu, asubuhi tumekunywa naye chai. Neno fupi tu. Lakini mwenye kampuni alishatangaza kwamba atakayewatobolea wageni siri ya chumba cha mwisho asirudi kesho. Nyumba yao ilikula kwa kazi zile mbili, ya nguo na ya shuka. Zaidi ya hapo, yule mama alikuwa anajitazama kwenye kioo cha kabati, anajigeuza, na usoni mwake kulikuwa na kitu kilichokaribia tabasamu. Bi Sweta akajikaza kisabuni, akashona.

"Sasa ni mimi," mama alisema.

Jioni kundi lilipokusanyika, Bi Sweta alimvuta pembeni kiongozi wa ziara, kijana mwenye sauti ya redio, akamweleza, akaomba mzimu usitokee jioni hiyo. Kijana akashusha pumzi. "Aunti, mdogo wako ameshashuka, na kule simu haishiki. Halafu wote hawa wamelipia mzimu." Akaenda kuwasha taa yake. Basi Bi Sweta akafunga chumba cha mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamshika yule mama mkono, wakashuka pamoja.

Njia nzima mama hakusikiliza hadithi hata moja. Wenzake walipiga kelele na kucheka na kushikana mashati, yeye alikuwa anachungulia kila pembe yenye giza, na kila mara alilinyoosha gauni lake. Bi Sweta alitaka kusema ukweli kwenye ngazi, akajiambia atausema kwenye kona ijayo. Kwenye kona akausogeza tena mbele. Mwoga huyu, aliyemwambia kila mgeni ukweli kuhusu viatu vyake!

Kwenye chumba cha mwisho kiongozi akazima taa, akaiwasha nyingine, na pale ukutani akasimama yule mrefu mweupe. Watu wakarudi nyuma. Mama akaenda mbele.

Alimtazama kwa muda mrefu, kichwa kaegemeza upande.

"Siye," alisema. "Wangu mfupi."

Bi Sweta akashusha pumzi, akidhani yamekwisha. Lakini mama akasogea tena.

"Baba, wewe uko nao huko. Utanisaidia. Ukimwona, mwambie mama yake alikuja. Mwambie nimevaa lile la maua. Nimekonda kidogo, lakini ni mimi. Na umwambie asinikasirikie, sikuwahi kumzika. Sikujua. Ningejua ningekwenda hata kwa miguu."

Mzimu haukufungua mdomo. Masharti ni masharti. Ila chozi lilikuwa limechora mfereji kwenye unga wa shavuni, na macho ya mdogo mtu yalikuwa yanamtafuta dada yake gizani, yanauliza, nifanyeje?

Bi Sweta alijua kazi mbili zinaondoka kwa neno moja. Akapita katikati ya watu, akasimama karibu na mdogo wake, akamfuta unga kwa kiganja, shavu moja, kisha la pili.

"Mama, nisamehe. Huyu si mfu. Huyu ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Ni fundi seremala. Mwanao hayuko humu, mama. Humu hamna mtu."

Mama akanyoosha mkono akaligusa shavu lile lililofutwa.

"Ana joto," alisema. Kisha akamuuliza seremala mwenyewe, "Mama yenu yupo?"

"Alifariki, mama."

"Ulimzika?"

"Nilimzika. Niliingia kaburini mwenyewe kumpokea."

"Basi mshukuru Mungu, baba. Umepewa kitu kikubwa."

Hapo Bi Sweta akamshika yule mama mabega, wakaketi chini pamoja kwenye mawe, na kilio ambacho yule mama alikuwa amekifungia mlango kikatoka. Alimlilia mwanawe kwa sauti, akimwita, akimwambia njoo unione, akitaja vitu alivyovipenda alipokuwa mdogo. Seremala alivua shuka lake, akamfunika nalo mabega.

Waliokuwa wameinua simu wapige picha wakazirudisha mifukoni. Mwanamume mmoja mnene, aliyekuwa akitania njia nzima, akavua kofia, akakaa chini. "Pole sana, mama," alisema. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akakaa. "Pole, mama yangu. Mungu akutie nguvu." Mmoja baada ya mwingine wakaketi, watu wasiojuana, na kila mmoja akatoa pole yake. Hata yule kijana wa sauti ya redio aliweka taa yake chini, akaketi, akasema pole kwa sauti ndogo ya kawaida.

Kilio kilipopungua, mama alijipangusa uso, akawatazama wote waliokaa pale chini kumzunguka.

"Asanteni kwa kufika," aliwaambia. "Alikuwa mtoto mzuri."