Wafalme Ndani ya Mbuta

"Weka hiyo ndimu chini, Nabututu! Nimesema weka!"

"Siweki. Unataka kaka yako akute pesa zake zimeota ukungu kama mkate wa mwezi jana?"

"Nitakumwagia maji mimi!"

"Nimwagie, Mama Apiyo. Nitasugua nikiwa nimelowa."

Selpha hakumwaga. Maji hayo yangefika mezani. Mezani, juu ya gazeti, alilala samaki mbuta mkavu wa chumvi, mrefu kama mtoto wa darasa la tatu, tumbo limepasuliwa. Na tumboni mle walilala wafalme wa Kiingereza wa kwenye sarafu za zamani, wote wamegeuka kijani kama vyura.

Pesa zilikuwa za Walter, kaka yake. Miaka yote aliyofanya kazi ya injini kwenye meli za ziwani, Walter aliokota pesa za zamani kila bandari: senti kumi yenye tundu, shilingi ya simba, hata rupia ya Mjerumani aliyobadilishana na mzee wa Musoma kwa shati alilokuwa amelivaa, akarudi Kisumu kifua wazi. Mke hakuoa, boma hakujenga. "Hawa ndio watoto wangu," alikuwa akisema. Alipokwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini, aliwaacha watoto hao kwa Selpha, hapo Kaloleni, ndani ya kopo la tumbaku, kila mmoja na kitambaa chake.

"Zikae pakavu," alisema. "Na usizisugue, hata zikiwa nyeusi kama masizi. Ukimsugua mfalme unamtoa uso."

Tangu siku hiyo Selpha hakupata usingizi wa maana. Wala hakuwa mwoga. Asembo Bay bado wanasimulia alivyogombana na kiboko kwa ajili ya wavu, mpaka kiboko akaomba radhi. Lakini kopo lile lilimtia baridi ya mifupa. Wezi wa siku zile walikuwa hatari: walikutoa shuka ukiwa umelala, wakakugeuza ubavu usikorome. Na mwizi akiingia, si kopo ndilo atakalofungua kwanza?

Basi akafikiri kama anavyofikiri mwuza samaki. Mwizi hawezi kuiba nini? Mbuta mkuukuu wa chumvi, anayenuka mpaka barabarani. Na duniani kuna kitu gani kikavu kumshinda? Mbuta akishalala chumvini, akaning'inia juu ya moshi, haoni maji tena mpaka kiama. Akampasua tumbo, akawavua wafalme vitambaa vyao, maana kitambaa hunywa maji, akawapanga, akawafunika kwa chumvi, akashona kwa uzi wa nyavu. Akamtundika juu ya jiko. Mteja akiuliza bei, alijibu, "Huyo ana nadhiri."

Mvua za masika zikaja, na mbuta akaanza kutoa jasho. Selpha alimwona. Akamwongezea chumvi. Mwaka uliofuata akatoa jasho tena, akamwongezea tena. Kuna siku alisikia mfalme akikohoa mle ndani, kabisa, kikohozi cha mtu wa makamo. Yeye naye akakohoa kwa nguvu ili wateja wasisikie.

Asubuhi hii mtu wa stesheni akapita na salamu: Walter ameshuka kwenye treni, anasalimia watu, yuaja. Ndipo Selpha akashusha samaki, akakata uzi, akapiga yowe lililomleta Nabututu, jirani wa ukuta kwa ukuta, na ndimu na majivu ya kuoshea sufuria bado mkononi.

"Atakupiga?" Nabututu aliuliza sasa, kwa sauti ya chini.

"Angenipiga ningeshukuru. Walter hapigi. Ananyamaza. Mama yetu alipokufa alinyamaza mpaka majogoo wakaacha kuwika. Akininyamazia mimi, nitakuwa na nani, wewe nyar Webuye, binti wa Webuye?"

"Basi niache nisugue moja tu."

Kabla Selpha hajashika mkono wake, Nabututu alikwishanyakua senti kumi, akaikamulia ndimu, akaipaka majivu, akasugua kama sufuria ya harusi. Akaifuta kwenye leso. Iling'aa.

"Si unaona?"

Selpha aliichukua. Akapitisha kidole gumba juu yake. Taji lilikuwa limekwisha. Herufi zilikuwa zimekwisha. Ilikuwa laini kama kifungo cha shati.

"Umemfuta," alisema.

"Lakini anang'aa..."

"Umemfuta, Nabututu."

Ndimu ilidondoka, ikabiringika chini ya kabati. Sasa waliogopa wote wawili.

"Tuseme mwizi," Nabututu alinong'ona.

"Mwizi gani anaacha redio na kuchukua kopo la tumbaku?"

"Tuseme panya."

"Panya! Nyinyi huko kwenu panya wanakula chuma?"

"Huko kwetu panya wanakula kuku, na kuku wetu wana nguvu kuliko chuma chenu."

Selpha karibu acheke. Akaketi. "Nitamwambia ukweli. Lakini mdomo haufunguki. Nikifikiria macho yake, ulimi unakuwa kama huyu mbuta."

"Basi ujaribu kwangu kwanza." Nabututu alivuta kigoda, akatanua magoti kama mtu wa meli, akavimbisha mashavu. "Mimi ndiye Walter. Selpha! Watoto wangu wako wapi?"

"Usiseme hivyo, unanitisha."

"Wako wapi?"

Selpha alifumba macho. "Omera, kaka yangu," alianza, "uliniambia pakavu. Mimi pakavu ninapopajua ni kwenye samaki. Niliogopa wezi, niliogopa mvua, niliogopa hata kukuandikia barua. Nikaona wanatoa jasho, na mimi badala ya kuwatoa, nika..."

Nyumba ilipata giza kidogo. Selpha alifumbua macho. Nabututu alikuwa amesimama, mashavu yamenywea, anatazama mlangoni.

Walter alikuwa pale, sanduku begani, kofia mkononi. Hakusalimu. Alilitua sanduku polepole, akaisogelea meza, akainama juu ya gazeti. "Malizia, Selpha," alisema. "Badala ya kuwatoa, uka...?"