Mama Radi Hamwachi Mtoto Ndani

Saa mbili na nusu asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na minane ananawa mikono kwa sabuni mara ya pili. Si kwamba ni michafu. Mkono ukiwa na mafuta, hata haya ya kujipaka tu, wino huteleza kwenye karatasi.

Anajifuta, anasogeza stuli dirishani, anachovya nibu ya kalamu na kuigonga mara mbili kwenye ukingo wa kichupa cha wino. Kisha anasoma kwa sauti sentensi aliyoletewa, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Ndipo anaandika.

Kazini wanamwita Bi Herufi. Kazi yake ni kuandika maneno ndani ya viputo, vile viduara vyeupe ambamo watu wa kwenye katuni husemea. Mtunzi hutunga, mchoraji huchora, yeye huwapa sauti. Mwaka wa ishirini na sita huu yuko kwenye jarida hilohilo la kila wiki, na shujaa wake ni mmoja: Mama Radi, mfagiaji wa soko anayedaka radi kwa mikono mitupu.

"Mmoja?" anauliza, na kicheko kinamtoka. "Hebu niache nicheke miye. Hao ni watano!"

Watunzi ndio watano, na kila aliyekuja alikuja na Mama Radi wake.

"Wa kwanza alimfanya mwoga wa ngazi. Akifika ngazi ya tano, anashuka kinyumenyume. Akaja wa pili, wiki ya kwanza tu, Mama Radi anaruka juu ya maghorofa kama kunguru. Nikamuuliza, na ile hofu? Akasema imepona. Imepona lini, kwa dawa gani?"

Wa tatu alimpa mume. Wa nne akamsahau mume huyo. "Hakufa, hakuachika. Nadhani alitumwa chumvi, hajarudi hadi leo."

Redioni Mama Radi ana maneno mengi kama kasuku. Kwenye televisheni amekonda, amevaa viatu virefu, na ufagio hana tena. Wasomaji huandika barua za hasira wakiuliza nani wa kweli. Bi Herufi hana hasira hizo.

"Hata mimi niulizie. Mama mkwe wangu atakwambia mimi mpole, sina neno. Waulize wanangu, utasikia habari ya mwiko. Wifi yangu akinisimulia, utadhani anamsema jirani. Lakini wote watakwambia jambo moja: huyu hafungi mlango mpaka mtoto wa mwisho ameingia."

Mama Radi naye analo jambo moja kama hilo. Adui atoroke, soko lianguke, yeye husema, "Mtoto kwanza." Bi Herufi ameyaandika maneno hayo mara sitini na tatu. Anajua, kwa sababu ana daftari la miraba ambamo huandika kila anachofanya Mama Radi na kila asichofanya.

Mwezi uliopita maneno hayo nusura yamtoe kazini.

Wenye jarida walikubaliana na watu wa televisheni kwamba mashujaa wao wafanane. Mtunzi wa tano, kijana mwenye umri wa kitindamimba wake, akaleta ukurasa. Nyumba inaungua, mtoto yuko dirishani, adui anakimbia. Mama Radi aseme: "Wengine watamtoa. Wewe hunitoroki!"

Bi Herufi alisoma kwa sauti. Akarudia. Hayakupita kooni. Lakini kazi ni kazi. Hulipwa kwa ukurasa, bei ya mikate mitatu, na neno si lake. Tena mwaka jana aligeuza sentensi moja kwa makusudi, na mhariri akamwonya: akirudia, maneno yatapigwa kwa kompyuta. Kompyuta yenyewe iko mezani tayari, imefunikwa kitambaa.

Basi akachovya nibu, akaandika. Alipoinua mkono, kiputo kilisema: "Kimbia utakako. Mtoto kwanza."

"Wallahi sikukusudia," anasema. "Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyorudi nyumbani huku unawaza mengine."

Wino haufutiki, na kurasa zilitakiwa kiwandani kuchapwa kabla ya saa sita. Akakata kiraka cha karatasi nyeupe, akafungua gundi. Kabla hajabandika, akamwita mtunzi.

"Mama, haya siyo niliyoandika."

"Najua, mwanangu. Nimekosea. Kiraka hiki hapa, nabandika sasa hivi."

"Televisheni wanataka awe mkali."

"Na awe mkali, nani kakataa? Kuruka na aruke. Ila huyu mtoto dirishani anatolewa na nani?"

"Si nimesema, wengine."

"Wako wapi? Nioneshe."

Kijana akainama juu ya meza. Mchoraji alikuwa amechora moto, moshi, adui, Mama Radi na mtoto. Barabara ilikuwa tupu. Hapakuwa na mtu mwingine ukurasa mzima.

Akajikuna kichwa. "Sasa adui akitoroka, wiki ijayo nitaandika nini?"

"Utaandika anavyotafutwa. Au na hiyo nikusaidie?"

Kijana alicheka, akachukua kile kiraka na kukitia mfuko wa shati. Kisha akaenda mwenyewe kwa mhariri.

"Nilimwambia maneno ni yangu," anasema mtunzi huyo. "Na sikudanganya. Nilipoyasoma, niliyakubali."

Jarida likatoka hivyo. Watu wa televisheni walinuna, na kwao Mama Radi bado anamfukuza adui. "Basi, pamoja na yule wa redio, wamekuwa saba," anasema Bi Herufi bila kinyongo.

Kidole gumba chake kimeanza kutetemeka. Anakadiria miaka miwili zaidi, kisha kile kitambaa cha kompyuta kitafunuliwa. Ndiyo maana, akimaliza kurasa za wiki, huketi kulinakili daftari lake upya, kwa herufi zake nzuri, ampe atakayekuja, wa jarida au wa televisheni.

Ukurasa wa kwanza umekwisha kauka. Hauna viatu, hauna mume, hauna habari za kuruka. Una kiputo kimoja tu, na ndani yake, "Mtoto kwanza." Mkia wa kiputo umeshuka hadi kwenye karatasi nyeupe, mahali pasipo na mdomo wala uso.

"Uso watachora wenyewe," anasema, na kwenda kunawa mikono tena.